Koo la Beatus na Choo cha Bi Mboni

Beatus alikuwa mtu mpole, mfanyakazi wa mashine ya kukoboa mpunga pale Ifakara, na hakuwahi kumuudhi mtu ila kwa koo lake. Tangu miaka ya tisini ianze, kitu kilimteremkia nyuma ya pua, polepole, mchana na usiku, kikatua kooni. Basi hujikohoza: khm. Akimeza, kinashuka kingine: khm. Msibani aliwahi kupishwa aseme neno la familia, na marehemu mwenyewe hakumjua.

Angekuwa mahali pengine, watu wangemvumilia. Lakini yeye na mkewe Levina walipanga mtaa wa Lipangalala kwa Bi Mboni, chumba cha mwisho uani, dirisha mkabala na choo. Na choo hicho hakikuwa na mlango, kilikuwa na gunia. Utaratibu wa choo cha gunia unajulikana: anayekuja anapunguza mwendo, aliye ndani anakohoa, na yule wa nje anageuka kama mtu aliyekuja kukagua mapapai.

Sasa Beatus amejilaza chumbani: khm. Viktor, mpangaji mwenzake, kopo la maji mkononi, anageuka. Anarudi baadaye: khm. Bi Mboni mwenyewe, mwanamke wa heshima zake, alikagua mapapai siku moja hadi adhuhuri ikampita. Na muda wote huo chooni hamna mtu.

Bi Mboni akamwita Beatus. Akamwambia, kwa upole wa kutisha, kwamba mwezi ukiisha koo liwe limepona, la sivyo ahame nalo. Beatus aliumia sana. Levina alikuwa na mimba ya miezi minane, mji umejaa wanunuzi wa mpunga, na chumba kingine karibu na hospitali kisingepatikana hata kwa kupiga magoti.

Levina aliogopa kifua kikuu, akamburuta zahanati. Tabibu Marcelino akauliza habari za homa, damu na kukonda, hakuna. Akamsikiliza kifua, akamchungulia pua na koo. Akaeleza kwamba pua ya kila mtu hutengeneza ute, nasi huumeza bila habari. Wa Beatus umezidi na kuwa mzito kwa vumbi la pumba. Afunge kitambaa puani akiwa kazini, anywe maji ya kutosha, alale kichwa kimeinuka, asafishe pua kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo. Na aache kujikohoza, maana kunazidi kulichokoza koo. Akiwashwa, ameze funda la maji. Ute usipopungua, arudi.

Beatus alishika masharti kama mtu wa Kwaresima. Mto wa kuinulia kichwa alitaka kuujaza pumba, Levina akamnyang'anya. Mwezi haujaisha, koo likatulia. Wapangaji wakawa wanaingia chooni na kutoka kama watu huru, na Viktor akamnunulia soda.

Jumamosi moja asubuhi Beatus alikuwa chooni, ametulia, akasikia hatua. Miaka yote hiyo hakuwahi kukohoa kwa kukusudia. Koo lilijifanyia kazi lenyewe. Isitoshe, tabibu alikataza. Akabana midomo, akameza mate. Gunia likafunuliwa.

Alikuwa Bi Mboni. Wakatazamana. Beatus, mtoto aliyelelewa vizuri, akafanya alichofundishwa kufanya mtu mzima anapotokea.

"Shikamoo," akasema, akiwa amechuchumaa.

"Marahaba," Bi Mboni akaitikia, kabla akili haijamfikia. Kisha gunia likashuka.

Beatus akaona akilini kitanda chao juu ya mkokoteni na Levina akitembea nyuma yake na tumbo lile, akatamani kulia. Halafu sauti ya Bi Mboni ikaja kutoka nje, ya chini, imechoka kabisa.

"Beatus mwanangu, chumba kaeni tu, wewe na mkeo. Ila ukiwa humo, nakuomba, kohoa."

Beatus akajaribu. Kikatoka kikohozi kikavu, cha kuigiza. Bi Mboni akamwambia arudie.