Ndege Mbili Juu ya Paa la Sinsheim

Mimi si mtu wa safari. Kutoka Isipingo mpaka Clairwood, hapa hapa Durban, kuchukua vioo vya simu ninazotengeneza, kwangu ni safari tosha, na nikirudi nataka niulizwe habari za njiani. Kwa hiyo majirani walioniona nikiburuta sanduku walidhani mke wangu amenifukuza. Hapana. Niliitwa Ujerumani kusema neno moja, ndiyo au hapana, na bila neno hilo hakuna ndoa.

Nadège ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, kwanza kwetu Uvira, kisha hapa Durban, na sasa ni muuguzi huko kwa Wajerumani. Amepata mchumba, jina lake Lukas. Kwetu mjomba ndiye anayepokea mali ya wakwe, na hapokei kabla hajaona kwa macho yake mahali kijana anapopatia mkate, kisha amuulize binti mara tatu kama aipokee. Nadège angeweza kwenda serikalini na kuweka sahihi kimya kimya. Alikataa, mpaka Tonton, yaani mimi mjomba wake, aje. Nami, niwaambie ukweli, jibu langu nilikuwa nimelifunga kwenye sanduku pamoja na suti: hapana. Niliogopa kwamba nikisema ndiyo, huyu mtoto ndio basi tena.

Asubuhi ya kuondoka, mke wangu, Mama Grâce, alifunga saluni yake ili anisindikize uwanja wa ndege.

"Papa Grâce, mbona unatetemeka? Ndege haiyafika hata."

"Ni baridi."

"Baridi gani, na jasho iko inatoka?"

Nchi hii niliifikia kwa basi, kwa lori na kwa miguu. Ndege nilikuwa naiona ikipita tu, na nilipenda ipite. Kutoka Johannesburg hadi Frankfurt nilikaa karibu na mama mmoja Mzungu. Tulipopaa nilishika kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu ni mkono wake. Tulipotua nilimshukuru, naye akawa anavikunja vidole vyake kimoja kimoja, kuhakikisha vyote bado vinafanya kazi.

Frankfurt, Nadège alinirukia shingoni kama zamani. Nyuma yake alisimama Lukas, mrefu, mikono haijui iende wapi.

"Habari ya safari, Tonton?" akasema kwa Kiswahili.

"Mbaya sana."

"Asante," akajibu, uso unang'aa. Alikuwa amefundishwa swali tu.

Kesho yake tukashika njia kuu kuelekea Sinsheim, kuona kazi yake. Bado tuko barabarani nikaziona: ndege mbili nyeupe, pua juu, zimesimamishwa kwenye paa la jumba la makumbusho kana kwamba ziko karibu kuondoka. Lukas, kwa Kiingereza, alinieleza kwamba moja ni Concorde ya Wafaransa na nyingine ni Tupolev ya Warusi. Zote mbili zilibeba abiria kwa mwendo wa kuipita sauti, na zote zimestaafu. Hapa tu ndipo unapoziona zikiwa pamoja.

"Na wewe unafanya kazi wapi?" nikamuuliza.

Akanyoosha kidole juu.

"Juu wapi?"

"Ndani ya ndege, Tonton," akasema Nadège. "Anakagua ngazi, anapokea wageni."

Lukas akafurahi kuulizwa. Akanitajia Concorde nyingine: iko moja New York kando ya maji, moja Barbados, na Toulouse zimewekwa chini kabisa, unatembea mpaka kwenye magurudumu.

"Sasa kwa nini hukutafuta kazi Toulouse?"

Tulipofika kwenye ngazi nikasimama. Ni ngazi ya chuma yenye matundu. Ukiangalia viatu vyako, unaona magari yameegeshwa chini, madogo kama ya kuchezea. Miguu ilikataa. Na hapo hapo wazo likanijia, tamu kabisa: nisipopanda sijaona kazi, na nisipoona kazi siwezi kupokea mali. Sitalazimika hata kutamka hapana.

Nadège alikuwa akinitazama.

"Tonton, ukibaki huku chini, najua utasema nini."

Nikapanda. Sijui vipi. Nilishika chuma kwa mikono miwili na kumwita dada yangu kwa jina.

Ndani ya Concorde ni pembamba, unaweza kugusa pande zote. Viti vimefungiwa nyuma ya kioo, madirisha ni madogo kama kiganja, na sakafu inapanda kama mlima kwa sababu ndege yenyewe imeinua pua. Upepo ulipiga, nikasikia mwili wa ndege ukinguruma. Nikakaa chini katikati ya njia, nikiwa na suti yangu, watoto wa Kijerumani wakaniruka. Lukas akainama kunishika.

"Mwache," Nadège akamwambia, naye akakaa chini mbele yangu. "Tonton, uliza."

"Niulize nini?"

"Ile ya wajomba. Uliza hapa hapa."

Lakini swali lililonitoka halikuwa lile.

"Nikisema ndiyo, utarudi lini nyumbani?"

Akanirekebisha tai.

"Miye niko nyumbani, Tonton. Durban ntakuja kuwasalimia."

Nilitafuta cha kushika, nikakosa. Nilikuwa nimekuja mbio kuzuia jambo ambalo lilishapita siku nyingi. Alichokuwa ananiomba ni kwamba nisibaki nje ya maisha yake.

Nikakohoa, nikaketi vizuri.

"Nadège, mali ya huyu kijana, tuipokee?"

"Mupokee."

"Tuipokee?"

"Mupokee, Tonton. Banafunga makumbusho, banatungojea."

Nikauliza mara ya tatu, kwani ndivyo inavyotakiwa, na mara hii sikuwa nawaza urefu wa paa. Akaitikia. Lukas, ambaye hakuelewa neno, alikuwa analia.

Kushuka nilishuka kinyumenyume. Lukas alitangulia chini yangu, akawa anashika kisigino changu na kukiweka kwenye kila ngazi. "Mguu," akasema kwa Kiswahili. "Mguu mwingine." Kazi yake nikaiona vizuri, ngazi kwa ngazi.

Durban, Mama Grâce aliniuliza hata kabla ya kupokea sanduku.

"Umesema nini?"

"Ndiyo."

"Nawe ulivyoapa utakataa! Eish, Papa Grâce."

Wengi wananiuliza nimejifunza nini huko. Kwamba woga hauishi. Mimi nimerudi nao wote, hakuna uliopotea njiani. Ila ule wa kumpoteza Nadège nilikuwa naulisha mwenyewe. Tangu aondoke, nguo zake zilikuwa zimejaa kabati letu, na mgeni aliyelala kwetu aliacha zake kwenye begi. Jumamosi tulilifungua kabati hilo, tuziondoe nguo za Nadège. Mama Grâce akauliza tuanze na rafu ipi. Nikamwambia ya juu, lakini apande yeye.