Moto wa Saa Nne

Kati ya vyeti vyangu vyote, na ni viwili tu, cha kuongoza watu wakati wa moto ndicho nimekitundika juu sebuleni kwangu Waithaka. Cha kidato cha nne, nilichokipata kwa masomo ya jioni nikiwa tayari na ndevu, kiko chini yake. Kisinune.

Tunachapisha kadi za harusi na kalenda pale River Road, orofa ya tatu. Ngazi ni nyembamba, hata nzi wawili wakikutana mmoja hurudi nyuma. Karatasi zimejaa mpaka darini. Kwa hivyo mwalimu wa usalama alipokuja kutufunza kutumia mtungi wa kuzimia moto, nilimwuliza maswali kama wakili, na bosi akanivisha reflekta, kile kizibao chekundu kinachong'aa cha kiongozi. Mhasibu mwenye digrii akakunja uso.

"Mazoezi ya moto yakiharibika," bosi akaonya akimwonyesha mhasibu kwa kidole, "hiyo reflekta inaenda kwake."

Ya kwanza yaliharibika. Kengele ilikuwa bado haijawekwa, kwa hivyo niliambiwa nipige kelele. Nikajaza kifua: "Moto! Moto! Moto!" Nadhani nilisikika mpaka Woodley.

Hakuna aliyekimbia. Milango ilifunguka polepole, watu wakatoka na vikombe mkononi.

Ilikuwa karibu saa nne asubuhi. Kila siku saa hiyo mama wa chai hupanda ngazi zetu na thamosi mbili, akiita hivyo hivyo: "Moto! Moto!"

"Buda, siku hizi unauza chai?" akaniuliza jamaa wa mashine ya kukata karatasi. "Na mandazi iko wapi?"

Mhasibu alicheka mpaka akashika ukuta. Mwalimu akafunga daftari. Angerudi Ijumaa, mara ya mwisho.

Nikamfuata mama wa chai, nikamwomba abadilishe neno.

"Nimeuza na neno moto tangu ukiwa na meno ya maziwa," akasema. "Sasa niite nini? Baridi?"

"Mama, siku kukiwaka kweli, watu watakufa wameshika vikombe."

Akakaza kifuniko cha thamosi. Kisha akajaribu kwa sauti ndogo: "Chai imefika. Aai, hiyo ni kama ya kanisa!" Lakini kesho yake aliita hivyo, na mimi nikapita kila meza nikitangaza kwamba neno moto sasa ni langu peke yangu.

Ijumaa mwalimu alikuja saa nne kamili, kwa makusudi, mama akiwa ndani anamimina. Nikaita. Mashine zilizimwa, watu wakateremka mmoja nyuma ya mwingine kama maharusi. Nikabaki nyuma kukagua vyumba, nikamkuta mama ameinamia thamosi zake.

"Wacha, mama! Hatubebi kitu!"

Alizitazama kama watoto wake. Akaziacha. Akanitangulia ngazini, mikono mitupu.

Uani nyuma ya jengo mwalimu alituhesabu mara mbili. Tulikuwa wote. Aliyeshika kikombe alikuwa mmoja tu: mhasibu. Bosi alinifunga kifungo cha reflekta kilichokuwa kimelegea.

Tuliporuhusiwa kurudi juu, mwalimu akaomba chai. "Bado iko moto?"

Mama akaweka kidole mdomoni. "Shhh! Hilo neno omba ruhusa kwanza kwa mwenye reflekta."