Mkwe Wangu Masalu na Mbuzi wa Mwenyekiti

Mkwe wangu Masalu ni mrefu mpaka akienda kanisani anaanza kuinama kabla hajafika mlangoni. Alikuja huku Katavi bado mtoto, anatembea nyuma ya ng'ombe wa baba yake kutoka Usukumani. Ng'ombe wakaugua, wakaisha, baba naye akaisha. Kijana akabaki na fimbo isiyo na cha kuchunga. Ndipo akamtaka Imakulata wangu. Mimi sikutaka. Nilisema huyu Msukuma hana hata mkia wa ng'ombe, ataniletea nini? Imakulata akajibu, "Atajileta mwenyewe, anatosha." Nikakubali, maana ule mdomo aliutoa kwangu.

Sasa nyie mnaosoma muelewe. Kwetu Wakonongo mwanaume hamtazami mama mkwe wake usoni. Kwa Wasukuma nako hivyohivyo. Ukiweka yetu juu ya yao unapata ukuta wa tofali za kuchoma. Masalu akiniona naenda sokoni Majengo anatoka njiani, anaingia kwenye mahindi ya watu, anageuza mgongo mpaka nipite. Siku moja aliingia kwenye mtaro wenye maji. Mimi nikapita polepole, makusudi kabisa. Jamani, heshima ni tamu!

Mambo haya yanaisha siku mkwe akimpa mama mkwe mbuzi. Kamba ikishashikwa, mdomo umefunguka: watasalimiana, watakaa pamoja, atapita mbele yake, atakula kwake. Lakini Masalu mbuzi angemtoa wapi? Wajukuu wakazaliwa, mimi nikawa namjua mkwe wangu kwa kisogo tu. Ni kisogo kizuri, sikatai.

Kazi aliyopata ni ya mgambo wa mtaa. Akapewa rungu na kofia, akapewa na mwenzake Zefania, kijitu kifupi chenye maneno mengi. Mkubwa wao ni mwenyekiti wetu, Obadia. Obadia akikohoa hao wanasimama. Akipiga chafya wanapiga saluti.

Basi Obadia akaitamani nyumba ya Vestina. Vestina ni mwenzangu, tumelima wote Ilembo tangu wasichana. Mume wake, marehemu Lyamba, hakumuachia mtoto, alimuachia nyumba hiyo tu. Iko kwenye kona pale bajaji zinapogeuzia, mahali pa duka hasa. Mwenyekiti akasema nyumba imeingia kwenye barabara, itolewe. Baa ya shemeji yake iko mbele ya nyumba ya Vestina, iko barabarani kuliko barabara yenyewe, lakini hiyo haikuingia popote! Vestina akaenda kulalamika huku na huku. Kila mahali akaambiwa arudi kesho, mpaka kesho zikamuishia.

Asubuhi akanijia analia. "Dada, leo wananitolea vyombo nje. Mwenyekiti anakuja na mgambo."

"Mgambo gani?"

"Si huyo mkweo!"

Nilicheka mpaka kanga ikataka kuanguka.

"Unacheka? Huna huruma wewe?"

"Nipe kigoda," nikamwambia.

Nikakiweka katikati ya mlango wake, nikakaa, mchi nikaulaza mapajani. Vestina nikamwambia abaki ndani. Ule mlango ni mwembamba na mimi, namshukuru Mungu, si mwembamba.

Wakaja. Obadia mbele na shati lake la kunyooshwa, Zefania anakimbia ili alingane naye, Masalu nyuma kama mnara wa simu. Alipoiona miguu yangu tu, akageuka palepale, kisogo kwangu. Watu wa bajaji wakaanza kusogea.

"Masalu, ingia utoe vyombo," Obadia akasema.

"Mwenyekiti, mlangoni yupo mkwe."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo siwezi."

"Serikali inazuiwa na kigoda? Nenda kinyumenyume!"

Na kweli, maskini, akaja kinyumenyume! Hatua, hatua, akakanyaga banda la kuku la Vestina, kuku wakatoka wote wanapiga kelele, mmoja akatua begani kwa Obadia. Wanawake waliokuwa wanarudi kuchota maji walitua ndoo chini wacheke vizuri.

"Zefania, ingia wewe!"

"Mimi peke yangu? Mwenyekiti, yule bibi ana mchi."

"Basi mfunikeni na turubai! Asiyeonekana si mkwe."

"Nifunike wewe," nikamwambia, "nikuone ulivyo mwanaume."

Obadia alikuwa amevimba. Yeye kaoa mbali, wakwe zake anawaona kwenye simu, ukwe wetu haujui. Ndipo Zefania, mdomo wake usiolala, akasema, "Kwani si anatoa mbuzi tu yanaisha?" Akamueleza yote. Ningekuwa karibu ningempa mchi wake.

Obadia akacheka. Kwake si mbali, akamfuata beberu wake mweupe zizini, akamkokota mpaka pale, akamtia Masalu kamba mkononi. "Haya. Nimekupa, ni wako. Mpe mkweo, apishe, ufanye kazi yako. Usipofanya, vua hiyo kofia."

Kicheko changu kikakatika. Mbuzi wa mkwe hakataliwi. Nikimkataa mbele ya watu, nimemkataa Masalu, nimeivunja ndoa ya Imakulata kwa mdomo wangu. Nikimpokea, mlango uko wazi na Vestina analala nje. Nikamsikia nyuma yangu anasema taratibu, "Dada, pokea. Usimuharibie mtoto."

Masalu akasimama na ile kamba, haendi harudi. Halafu akageuka. Mara ya kwanza nikauona uso wa mume wa mwanangu. Una jasho, una masikio makubwa, una macho ya mtu aliyeshaamua jambo, ila mimi sikujua ameamua lipi. Akapiga magoti, akanipa kamba.

"Mwangaluka, mayu," akanipa salamu yao ya asubuhi; mayu ni mama.

Nikapokea. "Mwangaluka, baba."

"Sogea kidogo, mama."

"Sisogei!"

Akavua kofia, akaiweka kwenye mkono wa Obadia, na rungu juu yake. Akarudi, akageuka, akajipenyeza ubavuni kwangu, akakaa. Chini, mlangoni, magoti yamefika masikioni. Fremu ililia kwiii. Mimi na mkwe wangu na beberu tukauziba ule mlango hata mjusi asipite.

"Masalu! Unafanya nini?"

"Nimekaa na mama mkwe, mwenyekiti. Nimeshafunguliwa. Asante kwa mbuzi."

"Nimesema uingie!"

"Mimi siingii nyumba ya mjane kumtolea vyombo. Rungu hilo hapo, ingia mwenyewe."

Weee! Vigelegele vya siku ile walivisikia hadi kule Kawajense. Obadia akalitazama rungu, akatutazama sisi, akautazama mchi. Zefania alishajichanganya na watu wa bajaji, anacheka kama hajui mtu.

"Basi nipeni mbuzi wangu."

"Huyu mbuzi wa ukwe," nikamwambia. "Anarudi ndoa ikivunjika. Unataka kuvunja ndoa ya watu, mwenyekiti?"

Akaondoka, rungu kwapani.

Masalu kazi imekwisha, sifichi. Sasa anafyatua tofali kule Ilembo, mgongo unamuuma, Imakulata ananuna siku mbili na kucheka ya tatu. Beberu tulimla kwa Vestina, Masalu akala kwenye sinia moja na mimi, akamaliza maini yote bila aibu. Vestina yumo nyumbani kwake. Kesi iko kata, inasogea kama kinyonga. Obadia anatangaza kwamba atarudi na mgambo wa mtaa mwingine.

Aje. Nimeshaulizia taratibu wale mgambo wameoa kwa nani. Mmoja mama mkwe wake anauza dagaa Kawajense, mnene kunizidi. Amesema miguu inamuuma lakini siku hiyo tumtumie bajaji.