Ukuta wa Jikoni kwa Librada

Shangazi yangu Librada Quintana hakuhitaji kuuliza jengo lilijengwa kwa kitu gani. Alilipiga konzi. Alikuwa akikatiza uwanja mkuu wa Santa Fe, kikapu kiwikoni, akasimama mbele ya hoteli mpya yenye mabega ya mviringo na boriti zilizochomoza ukutani, akakunja vidole, akagonga. Ukuta ukalia ngoma.

"Mbao," alisema, kwa sauti ya kumfikia bawabu. "Mbao na karatasi, juu wakapaka rangi ya kinyesi cha ng'ombe. Na hizo boriti hazibebi hata njiwa. Wamezibandika nje tu, kama masharubu ya mwigizaji."

Bawabu, ambaye mama yake tulisali naye, alitazama viatu vyake.

Ukuta wa udongo haulii. Ukiupiga konzi, unaimeza sauti na kunyamaza, kama mtu mzima aliyetukanwa na mlevi. Shangazi alijua hilo tangu ana miaka tisa, siku mama yake alipomtia viganja kwenye tope la kwanza. Kwetu wanaume hujenga na wanawake hukandika. Mwanaume huja na matofali yake mabichi, anayapanga, anapiga picha, anaenda zake. Mwanamke ndiye anayerudi kila mwaka, mvua ikishalamba ukuta, na kuuvika upya kwa tope na majani ya ngano, kisha anaulainisha kwa kipande cha ngozi ya kondoo mpaka ung'ae kama shavu. Shangazi alikuwa amekandika nusu ya nyumba za mtaa wetu, zile zilizo kando ya mfereji, kabla wenyewe hawajaziuza kwa watu wa mbali na kuhamia kwenye nyumba za matrela nje ya mji.

Aliwadharau wote wawili, aliyeuza na aliyenunua. Waliouza aliwaita walaji wa urithi. Walionunua hakuwapa jina. Aliwatazama tu jinsi mtu anavyotazama kuku aliyeingia sebuleni. Walikuja na kofia pana na mawe ya feruzi kila kidole, wakatundika mlangoni mashada ya pilipili wasizozila, zikaning'inia mpaka zikawa nyeupe. Waliuliza njiani, "Samahani mama, mji wa zamani uko wapi?" Shangazi akiwa amesimama ndani yake, viatu vimejaa vumbi lake, aliwaonyesha upande wa kituo cha mafuta.

Nyumba yake mwenyewe ilikuwa ya udongo pande zote. Hivyo ndivyo alivyosema.

Mimi niliyembebea maji kila Juni nilijua si kweli. Ukuta mmoja, ule wa jikoni unaotazama mashariki, ulikuwa wa udongo ndani na saruji nje. Mwaka sitini na tisa shangazi alikwenda Alamosa kumuuguza dada yake kwa wiki sita. Mumewe Eliseo, fundi wa matrekta, mtu mpole ambaye hakuwahi kumaliza sentensi mbele ya mkewe, akaona amepata nafasi ya kumfanyia jambo. Miaka ile kila mtu alikuwa anafunika udongo kwa saruji, hata makanisa. Walisema saruji haikandikwi tena. Ukishaipiga umemaliza, mke anapumzika. Shangazi aliporudi alimkuta Eliseo mbele ya ukuta wa kijivu, kofia mkononi, anatabasamu.

"Umenizikia jiko," alimwambia.

Naye Eliseo hakuupiga saruji ukuta wa pili. Miaka mitatu baadaye moyo wake ulisimama akiwa chini ya trekta la mtu. Na shangazi, ambaye angeweza kuibandua saruji ile kwa shoka asubuhi moja, hakuigusa. Kila Juni, akishamaliza kuta nyingine, alikoroga tope jepesi kama uji wa mgonjwa na kuipaka juu, tabaka jembamba, mpaka ule uongo ukafanana na ndugu zake. Mimi nilishika ndoo.

Mwaka tisini na sita ufa wa zamani wa ukuta ule ukapanuka. Ulianzia pembe ya dirisha, mpana wa kutia kidole, na chini yake saruji ilikuwa imefutuka kama tumbo. Juu ya ukuta huo zililala boriti tatu za jiko, na ndani ya jiko hilo shangazi alizaliwa, na alikwishaapa mbele ya padri kwamba ndimo atakamofia. Mvua za Julai zilikuwa wiki nne mbele yetu.

"Shangazi, ufa umekua."

"Huo ufa ni mkubwa wako kwa umri, Senaida. Usimsengenye mkubwa wako."

"Boriti zitashuka."

"Zikishuka nitazikaribisha chai. Lete maji."

Basi akaja Marjorie.

Marjorie alikuwa mke wa daktari wa meno kutoka Ohio, amepanga nyumba mkabala na yetu kwa majira ya joto. Alikuwa uwanjani siku ile ya hoteli, akaona konzi, akasikia somo lote, na likamwingia kama dini mpya inavyomwingia mtu. Wiki nzima alizunguka mji akigonga. Aligonga benki, aligonga duka la vinyago, aligonga nyumba aliyopanga na kulia machozi, kwa sababu ilikuwa mbao tupu. Jumanne akatokea uani kwetu na keki ya dukani.

"Nimekuja kusikia ukuta wa kweli," alisema.

Shangazi alipokea keki kama anavyopokewa panya kwa mkia. Lakini alikuwa binadamu, na sifa ni sifa. "Gonga," alisema. "Gonga utubu."

Marjorie aligonga ukuta wa baraza. Kimya. Akafumba macho kwa furaha. Akagonga wa chumba cha kulala. Kimya. Akazunguka pembe, nasi nyuma yake. Akagonga ukuta wa jikoni.

Ulilia ngoma. Ulilia kuliko hoteli.

Marjorie akagonga tena, juu kidogo, kisha chini. Hakuwa na ubaya wowote usoni, na hilo ndilo lililoumiza. "Na huu?" aliuliza. "Huu nao ni wa mbao?"

"Nenda nyumbani," alisema shangazi.

"Nimekosea kitu?"

"Keki yako imeniletea kiungulia."

"Lakini hujaila."

"Nimeitazama. Nenda."

Marjorie alipotoka, shangazi aliukaribia ukuta na kuanza kuugonga mwenyewe, kutoka kwenye msingi hadi mkono wake ulipofika, shubiri kwa shubiri, kama daktari anayetafuta maji kifuani. Kote ngoma. Saruji ilikuwa imeachana na udongo kitambo. Ilisimama peke yake, ganda, na kilichokuwa nyuma yake hatukukijua. Aliketi juu ya gogo la kukatia kuni.

"Ulijua?"

"Nilijua, shangazi."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi. Niligonga ukiwa kanisani."

"Ukanyamaza."

"Ungenitukana."

"Ningekutukana, ndiyo. Kwani shangazi ni wa nini?" Alipangusa mikono kwenye aproni ingawa haikuwa na uchafu. "Miaka ishirini na saba nawacheka watu waliobandika masharubu. Nami ninayo jikoni kwangu. Lete shoka. Na uniletee nguzo nne, tusije tukavaa paa kama kofia."

Tuliegemeza boriti kwa nguzo, kisha akapiga. Saruji ilidondoka vipande vikubwa, kama sahani. Nyuma yake, kuanzia goti kushuka chini, matofali hayakuwepo tena. Maji yaliingia kwa ufa, yakakosa njia ya kutokea, yakakaa miaka yote hiyo yakinywa ukuta taratibu. Mkono ulizama mpaka kiwiko kwenye kitu kama uji baridi. Jiko lilikuwa limesimama kwa mazoea tu. Mvua mbili za Julai, lingelala.

"Ona, Eliseo," alisema shangazi, tope likimdondoka kiwikoni. "Njoo uone akili zako. Udongo unapumua, mtu wee. Ungemvika mtoto mfuko wa plastiki ukasema umemkinga na baridi?"

Nilidhani atacheka. Lakini alikuwa amefika kwenye wavu wa waya uliokuwa chini ya saruji, na wavu huo haukutoka. Eliseo alikuwa ameupigilia msumari kila shubiri, mstari juu ya mstari, ukuta mzima, na kila msumari aliupinda kichwa usitoke. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Fundi wa kulipwa angepiga ishirini. Sisi tulihesabu mpaka mia tatu tukaacha. Ilituchukua siku mbili kuing'oa kwa koleo, na kila mmoja uliponyooka na kutoka, shangazi aliukagua kabla ya kuutupa kwenye kopo la kahawa.

"Mpumbavu," alisema jioni ya pili, polepole, kama anayeonja neno. "Mpumbavu mwenye bidii. Hao ndio wabaya zaidi."

Siku ya tatu Marjorie alisimama langoni, amevaa glavu mpya na aibu. Akasema ameona shimo kutoka dirishani kwake, akasema kama anaweza kusaidia atashukuru, na kama hawezi ataondoka.

Shangazi alimtazama kuanzia kofia mpaka kidole cha mguu.

"Hizo glavu za nini? Unakwenda kumpasua mtu?"

Marjorie akazivua.

"Mungu wangu. Mikono kama ya padri. Vua na viatu, ingia kwenye tope ukanyage. Hapana, si hivyo, hukamui zabibu. Kanyaga kama unamkanyaga mtu aliyekukosea. Humjui hata mmoja? Mfikirie daktari wa meno."

Akakanyaga. Kumbe alikuwa naye wa kumfikiria, maana tope lilikolea vizuri kuliko nilivyolikoroga mimi. Shangazi alimtukana wiki mbili nzima bila kupumzika, nami, kwa mara ya kwanza tangu Juni ianze, nikapumzika. Tulipanga matofali mapya na kuyaacha yakauke; tukakandika mkono wa kwanza, tukakandika wa pili. Wa mwisho, ule wa ngozi ya kondoo, hakumruhusu mtu. Aliufanya mwenyewe, akiwa amepiga magoti, kutwa nzima, bila kusema neno baya kwa yeyote.

Mvua ya kwanza ilifika alasiri ya tarehe tisa Julai. Mlizamu wa paani ulitapika maji uani, mfereji ukafurika, na upande wa pili wa njia, ile nyumba ya mbao ya kupanga ikavuja, tukamwona Marjorie akikimbia na sufuria. Sisi tulikuwa jikoni. Ukuta ulilowa nje, ukawa mweusi, na asubuhi ukakauka na kurudi rangi yake. Nilitoka na kuugonga. Haukusema kitu.

Niliporudi ndani nilichukua lile kopo la misumari dirishani ili nikalitupe.

"Liache hapo," alisema shangazi, hakugeuka, alikuwa anakoroga maharagwe. "Iko siku nitakutana naye. Nataka nimrudishie mmoja mmoja, aniambie alipopiga kila mmoja alikuwa anafikiri nini."

Kisha akanionya nisiunguze pilipili zilizokuwa motoni, kwa sababu nami, alisema, akili zangu ni zile zile za Eliseo.