Nilivyopeleka Posa Mwese Nikiwa Nimelowa Oili

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza tena duniani, nawaambia mapema kabla hamjaanza kucheka, maana nilishaumwa na nyuki wa Inyonga kichwa kikavimba kama ndoo, nilishafukuzwa na kiboko nikafika nyumbani na ndala moja, na bado niko hapa Mpanda na darasa langu la nne, nyumba ya bati, mashine mbili za kusaga na ng'ombe ambao siwataji idadi. Lakini aibu ya Mwese, jamani, hata leo nikisikia watu wanacheka sokoni najua wananicheka mimi.

Chanzo ni pikipiki yangu. Ni ya zamani, niliinunua kabla kijana wangu Masanja hajaota meno, na sasa Masanja ndiye anataka kuoa. Ikaanza kuvuja oili. Kila nikiipaki inaacha doa, mpaka mke wangu akawa anaiwekea sinia chini kama mtoto anayekojoa kitandani. Basi nikaiosha injini kwa petroli, nikaifuta ikakauka, nikaiwasha, nikachuchumaa na tochi kama daktari bingwa, na nikaona mwenyewe: oili inatokea kwenye kampira kembamba kanakoning'inia nyuma ya injini.

Fundi wa pale stendi akaniambia, "Mzee, hapo ndipo injini inapopumulia. Inatema oili kwa sababu ringi za pistoni zimekwisha. Tuifungue."

Kuifungua! Mtoto wa juzi anifungulie injini mimi! Nikarudi nyumbani, nikachonga kijiti cha mninga, nikakigongelea kwenye kale kampira, nikafunga na kipande cha tyubu ya baiskeli. Oili ikakata hapo hapo. Nikaita majirani waje waone. (Ndiyo, niliwaita.)

Kesho yake ndiyo ilikuwa safari ya kupeleka posa Mwese. Gari la kukodi lilikuwepo, lakini mwenye chombo chake akodi kwa nini? Nikavaa suruali nyeupe, nikampakia mshenga wetu, jirani yangu Mzee Rajabu, na kanzu yake ya Idi, tukaanza kupanda vilima. Injini inahema kama mtu uliyemziba pua na mdomo halafu ukamtwisha gunia, na mimi najiambia hiyo ndiyo nguvu. Tulipofika uwanjani kwa wakwe, watu wamejipanga wanatupokea, nikaongeza moto ili waisikie vizuri.

Paa! Kifuniko cha kujazia oili kikaruka kama kizibo cha soda, na oili yote ikanijia kuanzia kiunoni mpaka kwenye kiatu. Vigelegele vikakatika katikati. Iliniunguza, lakini nani ana nafasi ya kuungua mbele ya wakwe? Mzee Rajabu akashuka, akaitazama kanzu yake, akasema, "Tungekuja na baiskeli tungekuwa tumeshakula."

Ndani makochi yote yamefunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma. Nikabaki nimesimama.

"Karibu ukae, mkwe."

"Niko sawa tu. Nimezoea kusimama." (Nani amezoea kusimama?)

Shangazi wa binti, ambaye ndiye msemaji wao, akapiga makofi. "Kwetu anayesimama kwenye posa amekuja kukamata mtu. Faini!" Kwenye posa kila kosa lina bei yake, na yule mama alikuwa anaona makosa mpaka ya kesho. Mama wa binti akanihurumia, akaniletea kitenge chake chenye picha za kuku. Nikaenda nyuma ya mlango, nikavua suruali, nikajifunga, nikaja kukaa kwa adabu.

"Eti mkwe kavaa nguo ya mama wa binti!" shangazi akapiga kelele. "Nyie, mmewahi kuona? Faini ya pili!"

Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Baba wa binti peke yake hakucheka. Akauliza, "Hiyo pikipiki nani alikutengenezea?"

Nilitaka kumsingizia fundi, lakini Mzee Rajabu akaniwahi. "Katengeneza mwenyewe. Kaziba pale inapopumulia."

Nikamwona Masanja wangu anakosa mke kwa sababu ya kijiti.

"Na huyo kijana wako," mzee akasema taratibu, "naye anajitengenezea vitu mwenyewe?"

Miaka yote nimemtangaza Masanja kwamba kanirithi kila kitu, akili mpaka mikono. Nikavuta kitenge magotini. "Hapana, mzee. Yule hata plagi hajui kufungua. Kila kitu anapeleka kwa fundi."

"Basi posa tumepokea."

Sasa nimeapa: chombo kikivuja hata tone moja nakisukuma mpaka kwa fundi, nakaa pembeni na mdomo wangu naufunga, aseme bei anayotaka. Maana ukijumlisha faini mbili, kitenge kipya cha mama wa binti, kanzu ya Mzee Rajabu, gari la kuirudisha pikipiki Mpanda, na ringi mpya juu, ule ujanja wangu umenigharimu shilingi laki nne, elfu kumi na mbili na mia tano.