Fundi wa Nakuru Aliyeondoka na Klachi

Saa mbili asubuhi. Umande haujakauka kwenye uwanja wa hoteli moja kando ya Ziwa Naivasha, na Chelangat amepiga magoti ubavuni mwa mashine ya kukata nyasi, ile kubwa inayoendeshwa kama trekta. Anapenyeza kipande chembamba cha chuma katikati ya sahani mbili. Kinapita kwa kusitasita. Anakaza nati nusu mzunguko, anajaribu tena.

"Unene wa ukucha," anasema bila kuinua macho. "Ikizidi hapo, inateleza. Ikipungua, inaungua."

Anachokirekebisha ni klachi ya umeme, duara zito la chuma linaloenea kwenye viganja viwili. Umeme ukiingia, koili yake inakuwa sumaku, inavuta sahani, na visu chini ya mashine vinazunguka. Umeme ukikatika, springi zinairudisha sahani kwenye breki, na visu vinasimama.

"Kazi zote mbili ziko kwa kitu moja," anasema. "Kuzungusha watu wanakumbuka. Kusimamisha wanasahau."

Chelangat, mwenye umri wa miaka thelathini na mitatu, alizaliwa Kuresoi na kusomea umeme katika chuo kimoja mjini Nakuru. Leo ana karakana ndani ya kontena, ambamo hutengeneza klachi na breki za mashine za nyasi, za kukata majani ya ng'ombe na za mikanda ya kupakia maua. Wateja wapya bado humpita mlangoni wakimtafuta mwanamume.

"Mathe, fundi ako wapi?" mmoja alimuuliza juzi.

"Ameenda kukuletea chai," akamjibu. "Shusha mashine."

Kisa kilichomfanya ajulikane hadi Molo kilianza Machi, hapa hapa hotelini. Aliitwa kwa sababu mkanda wa mashine hii ulikuwa unanuka moshi. Alipoichungulia klachi, alikuta imejaa grisi. Katika karakana nyingi za huku kuna imani moja: chochote kinachozunguka hupakwa. Lakini klachi na breki hushika kwa ukavu. Ukizipaka grisi, umezinyang'anya mikono.

Kisha akainua kiti. Swichi inayokata umeme dereva anaposimama ilikuwa imerukwa kwa waya, ili mashine isizimike kila anaposhuka kusogeza mpira wa maji.

Alimwambia dereva, Makokha, awashe visu kisha avikatie umeme, akatazama saa. Viliendelea kuzunguka kwa sekunde kumi na tisa.

"Si zinasimama tu, madam?" meneja, Jamleck, akauliza. "Polepole, lakini zinasimama."

"Boss, hizo sekunde mtu ameshashuka, amezunguka mbele, ameinama."

"Makokha anajua mashine yake."

Makokha akainua mguu. Ncha ya gambuti lake ilikuwa imekatwa, vidole vikiponea chupuchupu. "Gambuti ndiyo ilijua, boss."

Jamleck hakucheka. Jumamosi kulikuwa na harusi uwanjani. Aliagiza klachi ioshwe na petroli, irudishwe, nyasi zikatwe, mengine baadaye. Chelangat akamweleza kwamba bitana, ule utando unaoshika sahani, ikishanyonya grisi haioshiki. Akaambiwa aoshe hivyo hivyo.

Badala yake aliifungua klachi, akaizungushia shati kuukuu, akaitia kwenye mkoba na kwenda nayo Nakuru, ili mashine isiweze kukata.

Vibarua wanane walifyeka kwa slasha siku mbili mfululizo. Bibi harusi alipofika, uwanja ulifanana na kichwa kilichonyolewa na mtoto. Jumatatu, Chelangat akapokea barua ya Jamleck: aombe msamaha kwa maandishi, la sivyo apoteze kazi ya kutunza mashine zote kumi na moja za hoteli. Kazi hiyo ilikuwa zaidi ya nusu ya kipato chake.

Hakuandika neno. Wiki tano klachi mpya ilipokuwa inasubiriwa, kazi ya hoteli ikiwa imesimamishwa, aliuza mashine yake ya kuchomelea ili alipe kodi ya karakana.

"Mama yangu alinipigia akaniambia, 'Si uandike tu, mtoto wangu, karatasi haiumi,'" anakumbuka. "Nikamwambia, mama, nikiandika hiyo, nitakuwa nimesema ule mguu wa Makokha ni wa kuchezewa."

Leo mwenye hoteli, Vidya, amekuja kujionea kabla ya kuamua kama kazi itabaki kwake. Chelangat anafuta mikono kwa gazeti, anawaondoa watu wote karibu na kumpa Makokha ishara. Injini inanguruma. Visu vinazunguka. Makokha anainuka kitini.

Injini inazima. Moja, mbili, tatu. Kimya.

"Tena," anasema Vidya, saa yake mkononi.

Tatu. Tena. Tatu.

"Aki hii mashine imepata adabu!" Makokha anapaza sauti, na watunza bustani wanapiga makofi.

Vidya anaagiza mashine zote kumi na moja zikaguliwe na waya zote za chini ya viti zing'olewe. Kisha anatoa mkataba wa mwaka mmoja. Kwa mkataba huo Chelangat anapanga kukodi kontena la pili na kufundisha madereva wa mashine wa shule na mashamba ya maua kila Jumamosi, bila malipo.

Ila chini ya karatasi, Jamleck amechapisha mstari mmoja wa kuomba radhi. Chelangat anausoma, anaukata kwa kalamu, anatia sahihi. Vidya anautazama mstari uliokatwa, naye anatia sahihi kando yake.

"Sawa, ya karatasi tumeacha," Jamleck anasema, akimfuata hadi kwenye sanduku la vifaa. "Kwa mdomo tu, basi. Sema pole kwa ile harusi, tumalize kama watu wazima."

Chelangat anafunga sanduku.

"Sina pole ya kukupa, boss. Hiyo Jumamosi ikirudi kesho, nitaifungua hiyo klachi tena, na nitaenda nayo."