Maneno ya Shangazi Ndani ya Daftari Langu

Kwa miaka mitatu mizima, nikiwa mtu mwenye ndevu na kitambulisho, niliamini kwamba ukiandika maneno ya mtu aliye hai vile vile yalivyomtoka mdomoni, mtu huyo atakaukwa na sauti. Sikudhani tu. Niliamini, kama ninavyoamini kwamba jua litachomoza upande wa baharini.

Imani hiyo niliiokota Marereni, kwenye mashamba ya chumvi, nilikofanya kibarua mwanzoni mwa miaka ya themanini. Tulikuwa tukikwangua chumvi juani, mng'aro wake ukitupiga usoni hata nikifumba macho usingizini naona weupe. Kulikuwa na mwenzetu mmoja, mtu wa makamo, msemaji asiye na breki. Akizungumza upande huu wa bwawa, ndege wa upande wa pili huruka. Siku moja akaenda ofisini kushtaki habari ya viatu, maana chumvi ilikuwa ikitutafuna miguu. Karani akayaandika maneno yake yote, neno kwa neno, akamsomea, akamwekesha alama ya kidole gumba. Kesho yake mtu yule hakusema. Kesho kutwa hakusema. Mwezi mzima ukapita, akawa wa kutikisa kichwa tu.

"Mmeona?" akatuambia mkubwa wa zamu yetu. "Maneno yake yameshikwa karatasini. Koo limebaki kama dafu lililokwisha kunywewa."

Sote tukaguna. Mimi niliguna kuliko wote, na tangu siku hiyo nikiona karani ameshika kalamu, nafunga mdomo.

Sasa pima mwenyewe msiba wa mtu mwenye imani hiyo anapotaka kuwa mwandishi.

Chumvi iliponishinda nilirudi Malindi kwa shangazi yangu, dada ya baba, aliyenilea tangu mama alipofariki. Alitoka kwetu Vitengeni akaolewa mjini, akakaa hata Kiswahili chake kikawapita waliozaliwa nacho. Kila asubuhi aliuza mahamri na mbaazi za nazi barazani pake. Mimi niliziba pancha kwenye kibanda cha baiskeli karibu na soko, na jioni nilikwenda ngumbaru, shule ya sisi watu wazima, katika darasa la watoto wadogo, tumekunjika kwenye madawati magoti yakitugusa masikio. Nilipoingia sikuweza kuandika jina langu. Baada ya miaka miwili nilikuwa naandika hata kwenye paketi tupu za sigara.

Mwisho wa mwaka mwalimu wetu, mwanamke mwembamba mwenye sauti ndogo na macho makali, aliniita mbele.

"Siku ya kufunga tutacheza mchezo wa kuigiza. Utauandika wewe."

"Mimi, mwalimu?"

"Kwani humu kuna mwingine anayesema uongo vizuri kama wewe?"

Nililala nacheka. Pale kibandani walikuwa wakituita watoto wa a-e-i-o-u. Tajiri wangu, mwenye kibanda, kila nikifunga kazi kwenda darasani hunipigia makofi kama mtoto anayefundishwa kutembea. Basi niliapa: watu hawa waliotucheka watakuja, watakaa saa nzima wasikilize kitu kilichotoka mkononi mwangu, na hakuna atakayeondoka kabla ya mwisho.

Mchezo wenyewe ulihusu mume na mke waliojiwa na mgeni wa siku tatu, akakaa miezi mitatu. Niliuandika kwa siku nne, na nikichunga mno wasiingie watu wa kweli. Kila nikikumbuka mtu alivyosema, nayageuza maneno yake yasifanane. Siku ya kuusoma darasani, wanafunzi wenzangu wawili wakasimama. Mke akasema:

"Ewe mume wangu, mgeni wetu huyu amekaa muda mrefu, nami nimechoshwa na kukaa kwake."

Na mgeni akajibu:

"Naam, nimesikia kwamba nimewachosha. Kwa hiyo nitaondoka."

Kisha muuza maji mmoja aliyekuwa akikaa dawati la nyuma akauliza, "Huyu mke yuko jikoni au yuko kizimbani?"

Walicheka hata chaki zikaanguka. Mwalimu hakucheka.

"Watu wako hawazungumzi," akaniambia. "Wanatoa taarifa. Nyumba gani hapa Malindi mgeni ameambiwa umetuchosha, akajibu naam? Una wiki mbili. Kasikilize watu, uandike wanavyosema hasa. Ukishindwa, tutaimba nyimbo tu."

Kasikilize, uandike! Kama ameniambia nikawakabe watu koo mmoja mmoja. Lakini mimi nikishika jambo, punda hanifikii kwa ukaidi. Nikasema nitajaribu kwanza kwangu. Nikaandika maneno yangu mwenyewe, kurasa mbili, nikalala. Alfajiri nikatoka uani nikapiga ukelele. Sauti ipo. Nikapiga wa pili kuhakikisha. Jirani akauliza kama ni mwizi.

Tabu ni kwamba niliposoma zile kurasa, mume alisema kama mimi, mke kama mimi, mgeni kama mimi. Watu watatu wote waongo, wote wachekeshaji, na hakuna aliyemsikiliza mwenzake.

Basi nikachagua mtu ambaye akikaukwa na sauti hasara itakuwa ndogo. Nilimchagua tajiri wangu. Siku hiyo aliniinamia, pampu mkononi, akaniambia, "Wewe bwege, hiyo tyubu unaiziba au unaibembeleza ilale?" Nikaenda nyuma ya kibanda nikaandika neno kwa neno. Siku ya kwanza nikangoja. Ya pili nikangoja. Ya tatu sauti yake ilikuwa imezidi, ikisikika mpaka sokoni. Kwa elimu yangu ya ngumbaru nikafikia uamuzi: matusi hayahesabiwi, kwa kuwa hayatoki kooni, yanatoka kwenye nyongo.

Hata hivyo nilijifunza kitu. Katika sentensi ile moja tajiri hakusema kwamba ana haraka, wala kwamba ananidharau, wala kwamba ananipenda kidogo. Na yote yalikuwemo.

Kumbe nyumbani kwetu nako kulikuwa na mgeni. Ndugu wa mume wa shangazi, mkulima wa Marafa, alikuja kutibiwa jino. Jino likapona, mwenyewe akabaki. Wiki ya tano nilikuwa nimekaa ukumbini, shangazi anapepeta mbaazi kwenye ungo, mgeni anamalizia sahani yake.

"Shemeji, mbaazi za leo zimekolea," mgeni akasema.

"Zimekolea. Nazi zenyewe ndizo za mwisho."

"Za mwisho? Na kesho?"

"Nasikia huko kwenu mahindi yameanza kubeba."

"Yatakuwa yamebeba, ndiyo."

"Na nyani nao watakuwa wamesikia."

Mgeni akaacha kutafuna. Asubuhi yake alifunga mzigo, akashukuru kwa wema aliotendewa, na shangazi akamsindikiza mpaka njiani akimsihi asikae sana bila kuja. Hakuna aliyemwambia ondoka. Hakuna aliyekasirika. Na mimi niliyekuwa nimeapa kutomgusa shangazi yangu, mkono wangu ulikwisha kuyaandika yote, ukurasa mzima, kabla kichwa hakijapewa habari.

Siku ya nne yake, Alhamisi, nikaamka na kukuta baraza kimya. Shangazi amekaa nyuma ya sufuria, anaelekeza kwa vidole.

"Shikamoo, shangazi."

Midomo ikasema marahaba. Sauti haikutoka.

Mpaka leo sijui kitu kibaya kuliko kutazama barazani siku ile. Watu hawakuwa wakija kwa mahamri tu. Kila mtaa una mahamri. Walikuja waulize, "Bi mkubwa, haya ni ya leo?" ili wajibiwe, "Ya jana ungeyaonea wapi, na wewe ndiye uliyeyamaliza?" Siku hiyo walinunua wakaenda zao. Saa nne bado kulikuwa na ungo mzima umejaa.

Nilichukua daftari nikalipeleka mpaka kwenye jiko la mkaa. Nikalishika juu ya moto. Mchezo ulikuwa Jumamosi, na ukurasa ule ndio uliokuwa mchezo wenyewe, kurasa nyingine zote zilikuwa taarifa. Nikaona kuchoma kimya kimya ni wizi wa pili. Nitamwambia. Akitaka nichome, nitachoma mbele yake, na tajiri apige makofi yake mpaka viganja vichubuke.

Ijumaa, baada ya watu kurudi kutoka msikitini, nilimkuta anapepeta mbaazi za kesho. Nikapiga magoti kama mtu anayeposa.

"Shangazi, nimekukosea. Nimeyaandika maneno yako. Ya siku ile, wewe na mgeni."

Akanitazama. Kwa mnong'ono kama wa ufagio akasema, "Soma."

Nikasoma. Nilipofika kwenye nyani mabega yake yakaanza kucheza. Kisha akainua kidole.

"Umekosea."

"Wapi, shangazi?"

"Aliponiuliza na kesho. Sikumjibu papo hapo. Nilipepeta kwanza. Nikatoa kijiwe. Nikakitupa. Ndipo nikasema habari ya mahindi. Ningemjibu mara moja angejua nafukuza."

Nikaandika palepale: apepete, atoe kijiwe, akitupe. Mchezo ulipochezwa kesho yake, yule mwenzetu aliyekuwa mke alipepeta ungo mtupu kimya kwa muda mrefu hata nikadhani amesahau. Watu mia tano, au tuseme sitini, walimtazama akitafuta kijiwe kisichokuwepo. Akakiona. Akakitupa. Akataja mahindi, na kabla hajafika kwa nyani, akina mama wa mbele walikuwa wamekwisha kushikana mikono. Paa la darasa liliinuka shubiri mbili. Tajiri wangu alikaa mpaka mwisho, na Jumatatu aliniita mwandishi, mara moja tu, kisha nikarudi kuwa bwege.

Lakini Ijumaa ile nilikuwa bado nimepiga magoti.

"Sasa nichome, shangazi?"

"Uchome nini?"

"Daftari. Ili sauti yako irudi."

Akaweka ungo chini. Ikabidi nimweleze yote: Marereni, karani, kidole gumba, mwezi wa kutikisa kichwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Niliona anataka kucheka, tena hana sauti ya kuchekea. Kisha kicheko kikamwondoka usoni.

"Mwanangu, mimi nimepiga vigelegele siku tatu kwenye harusi ya jirani wa hapa nyuma. Nawe ulikuwepo, ulikula pilau. Jumapili nitasema."

"Na yule mtu wa Marereni?"

"Yule ni wa kwetu Vitengeni, mkewe namjua. Hakukaukwa na sauti. Yale maneno yalipelekwa kwa mkubwa wa mashamba yale, akaitwa, akaambiwa akitaja viatu tena kazi hana. Ana watoto sita. Akanyamaza."